Gari inagonga nyuma ukiweka D: kabla hujanunua difu, kalale chini uangalie bushi

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hiyo kelele. Kwa wengine mnaosoma, huyu kijana yuko Moshi, ana Mark II GX110 ya mwaka 2002, otomatiki. Akitoa P kuweka D inagonga "ngo!" huko nyuma, akishuka kutoka Marangu akiachia mafuta inagonga tena, akikanyaga inagonga, na akiwa kasi kwenye lami anahisi mkia wa gari unahama wenyewe kidogo. Fundi wa kwanza kamwambia difu (lile boksi la meno huko nyuma linalopeleka nguvu kwenye matairi) imekufa atafute used, wa pili kamwambia ni bushi (vile vishikio vya mpira) za difu na za krosmemba ya nyuma, sasa anauliza yupi mkweli, kazi yenyewe inafanyikaje, aweke mpira au zile za poliurethani za rangi rangi, na kama anaweza kwenda nayo Dar mwezi ujao kabla hajatengeneza.

Nikuambie mapema, kwa dalili ulizotaja mimi niko na huyo wa pili. Ila usitoe hela yoyote kabla mtu hajaingia uvunguni na taa akaona kwa macho. Difu ikifa mara nyingi inalia, ule mlio wa "uuuu" unaopanda na kushuka na spidi, haina tabia ya kugonga mara moja na kunyamaza. Na kitu kinachoniuma kwa hizi gari za umri huu ni watu kununua difu nzima ya used, kuifunga kwenye bushi zilezile zilizochanika, halafu wakiweka D inagonga vilevile, hela imeenda na tatizo limebaki palepale.

Uelewe kwanza nini kinatokea huko chini maana ukielewa hili huwezi kudanganywa. GX110 nyuma haina ekseli moja nzima kama Hiace. Ina krosmemba, ile fremu ya chuma inayobeba mikono yote ya sasipensheni pamoja na difu, na krosmemba yenyewe imefungwa kwenye bodi kwa bushi nne, kila kona moja. Difu nayo imeshikwa ndani ya krosmemba kwa bushi zake, za mbele na za nyuma. Kwa hiyo kati ya difu na bodi unayokalia kuna tabaka mbili za mpira, na hizo ndizo zinameza mtetemo wote. Sasa injini ya 1G-FE inatoa nguvu ya kuzungusha kama Nm 200, gia ya kwanza inaikuza karibu mara tatu, difu inaikuza tena kama mara nne, kwenye matairi inafika zaidi ya Nm 2000. Nguvu hiyo inapozungusha matairi kwenda mbele, nyumba ya difu inataka kuzunguka kinyume, pua yake inainuka juu. Ukiachia mafuta kwenye mteremko injini inashika gari na pua inarudi chini. Mpira ukiwa mzima, difu inasogea kidogo sana na kimya. Mpira ukiwa umeachana na chuma, difu inaruka hiyo nafasi yote na kugonga mwisho wa njia, na hiyo ndio "ngo" yako. Ndio maana inakuja ukikanyaga na ukiachia, na ndio maana mteremko wa Marangu unaionyesha vizuri kuliko mjini, kule mguu unaenda na kurudi kwenye mafuta kila kona.

Lile la mkia kuhama lenyewe ni kesi ya bushi za krosmemba. Hizo zikilegea, krosmemba nzima pamoja na matairi ya nyuma inakuwa na ruhusa ya kugeuka kidogo chini ya bodi, yaani nyuma nako kunapiga kona bila wewe kushika usukani. Utalisikia zaidi ukiwa unaovateki lori pale tambarare ya Boma Ng'ombe, upepo unapiga ubavuni, unaachia mafuta ghafla, gari inachepuka. Kugonga ni kero tu lakini hili la kuchepuka ni la usalama, kwa hiyo akili yangu iko huko zaidi kuliko kwenye kelele.

Sasa kupima. Nenda kwenye gereji yenye shimo, au gari ipande kwenye stendi za jeki nne imara, sio mawe na sio tofali, tofali la saruji linapasuka bila kukupa taarifa na gari ya zaidi ya tani moja haikusubiri utoke. Anza na vitu rahisi vinavyogonga mlio huohuo. Propela shafti (lile bomba refu linalotoka giaboksi kwenda difu) ishikwe kwa mikono miwili pembeni ya krosi (kiungo chake kinachojipinda), izungushwe huku na huku, krosi ikicheza hata kidogo yenyewe imekufa, hilo halina mjadala. Angalia na senta beringi inayoishika propela katikati, na mpira wake. Halafu maunting (raba za kushikilia) za injini na ya giaboksi, maana zikifa hizo mlio unapita kwenye bodi na wewe uliyekaa ndani utaapa unatoka nyuma. Halafu linki za stebilaiza na shokapu, ila hizi zinagonga kwenye matuta na mashimo, hazigongi ukiweka D gari imesimama. Hilo tu linakusaidia kuchuja: kinachogonga bila gari kutembea kiko kwenye njia ya nguvu, kinachogonga kwenye tuta bila wewe kugusa mafuta kiko kwenye sasipensheni au bushi za krosmemba.

Ukishapita hapo, mtu mmoja akae ndani, hendibreki juu, mguu umekanyaga breki mpaka mwisho, matairi yako chini na yamewekewa vizuizi mbele na nyuma, injini inaunguruma taratibu. Ahamishe D, asubiri, N, asubiri, R. Wewe angalia difu kutoka pembeni, usikae mbele wala nyuma ya gari hata siku moja. Usitafute mlio, tafuta mwendo. Pua ikiruka juu ukiweka D na kushuka ukiweka R kiasi cha kuona bila kubahatisha, bushi za difu zimekwisha. Halafu zima injini, chukua mtaimbo mfupi, uchomeke kati ya krosmemba na bodi karibu na kila bushi, usukume taratibu. Mpira mzima unakataa na kurudi. Uliokufa unaona krosmemba inasogea na ile sliv ya kati (bomba dogo la chuma ndani ya bushi) inabaki peke yake, au unaona sliv haiko katikati tena, imelalia upande mmoja. Angalia pia alama: sehemu iliyong'aa ambapo chuma kimekuwa kinagusa chuma, vumbi jekundu la kutu kuzunguka bushi, na nyufa kwenye mpira. Nyufa ndogo za juu juu za uzee zisikutishe, huo ni mpira wa miaka zaidi ya 20 na umepasuka ngozi tu kama soli ya kiatu kilichokaa stoo. Unachotafuta ni ufa unaoingia ndani, au mpira uliobanduka kwenye chuma.

Kuna kipimo kimoja nakipenda sana na hakihitaji kifaa zaidi ya jeki. Weka jeki chini ya krosmemba (sio chini ya bodi wala chini ya sahani ya difu), pandisha pole pole huku ukitazama ile nafasi kati ya krosmemba na bodi. Ikiwa krosmemba inapanda kwanza peke yake na bodi inafuata baadaye, umeshapata jibu.

Ukiwa chini hapo hapo maliza na difu yenyewe ili ulale usingizi. Fungua nati ya kumwagia oili. Oili kuwa nyeusi, au kuwa na ute wa kijivu laini kwenye sumaku ya nati, ni kawaida kwa umri wake, vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole sio kawaida. Halafu nyuma ikiwa juu, gia N, zungusha flanji ya difu (pale propela inapofungwa) kwa mkono taratibu. Kuna kauchezaji kadogo ka meno ambako lazima kawepo, ila ukiivuta juu na chini haitakiwi kucheza kabisa, ikicheza hivyo beringi za pinioni (gia ndogo inayopokea nguvu ya propela ndani ya difu) zimechoka na hapo fundi wa kwanza anaanza kuwa na hoja. Kama vyote viko sawa, rudisha oili mpya ya difu, 75W-90 ya GL-5, na ile difu ya used uisahau.

Kwenye spea hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna njia nyingi za mkato zinazouzwa na nyingi zitakurudisha gereji. Kukata mpira wa tairi la lori na kuupachika ndani: tairi lina nyuzi, halijagandishwa kwenye chuma, linasagika na kutoka. Kukereza bushi ya nailoni: inakaa ngumu kabisa, siku ya kwanza unafurahi gari imetulia, baada ya hapo mlio wote wa difu unaingia ndani na mtetemo unahamia kwenye bolti na kwenye bodi. Kuchomelea ile sliv kwa welding ili isicheze ndio baya kuliko yote, naomba usimruhusu mtu, maana nguvu ambayo mpira ulikuwa unaimeza itaenda kupasua bati la bodi pale krosmemba inaposhikilia, na kutengeneza bodi ni kazi ya kukata sakafu ya gari. Wenye BMW za E46 wanajua hili, bati la nyuma pale sabfremu (ndiyo krosmemba yenyewe) inapofungwa linapasuka, ni ugonjwa unaojulikana wa gari zile, na bushi zilizochoka zinaongeza mapigo palepale.

Krosmemba nzima ya used kutoka Japani inaweza kuonekana akili, unafunga tu unaondoka. Lakini bushi zake zina umri uleule wa zako. Mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake, unazeeka kwa hewa, joto na oili, hata ukiwa umekaa dukani. Inunue kama ya kwako imepinda au imeliwa na kutu, na uweke bushi mpya kabla hujaifunga. Kutu naisema kwa sababu huku kwetu hatuna chumvi barabarani, ila gari nyingi zimetumika sehemu za Japani zenye theluji ambako wanamwaga chumvi, unakuta juu inang'aa, chini bolti zimeganda.

Mpira au poliurethani? Mpira wa kiwandani ugumu wake uko kama 50 mpaka 70 kwenye kipimo cha Shore A, poliurethani nyingi ziko 80 mpaka 95. Hiyo tofauti utaisikia makalioni. Kwenye krosmemba poliurethani ya ugumu wa chini inavumilika, inafanya nyuma itulie kweli, na ina faida kwamba mara nyingi inakuja vipande viwili hivyo inaingia bila presi (mashine ya kusukumia). Kwenye difu mimi sikushauri kwa gari ya familia. Difu ya miaka 20 ina mlio wake mdogo ambao mpira umekuwa unauficha, ukiweka kitu kigumu utausikia kuanzia spidi 60 na utaanza tena kuhisi difu ni mbovu. Vipande vya alumini ni vya watu wa mashindano, tuwaachie. Kwa hiyo jibu langu: mpira kote, na kama mpira wa krosmemba umekosekana kabisa ndio uweke poliurethani kwenye krosmemba peke yake. Ukienda dukani nenda na namba ya chesesi, usiende na neno "Mark II" tu maana GX100 na GX110 ni gari mbili tofauti, na muulize kabisa kama bushi inauzwa peke yake, baadhi ya gari wanauza na krosmemba yake.

Na ufanye zote siku moja. Kushusha krosmemba ndio nusu ya kazi na ndio nusu ya bili, ukibadilisha za difu leo na za krosmemba mwakani unalipa ushushaji mara mbili. Tena kagua sili za difu wakati iko chini, kama pembeni kunavuja badilisha, oili ya difu ikidondokea mpira mpya inauvimbisha na kuulainisha.

Kazi yenyewe sasa. Jioni ya kabla, puliza dawa ya kulainisha kutu kwenye bolti zote, rudia asubuhi. Piga picha kila kona kabla hujafungua. Chora rangi kwenye flanji ya propela na ya difu ili irudi palepale ilipokuwa, ukigeuza unaweza kuzaa mtetemo mpya kabisa. Chora pia mstari wa krosmemba ilivyokaa kwenye bodi. Kisha legeza ekzosti ya nyuma, toa waya za sensa za ABS kwenye vishikio, waya za hendibreki, fungua kalipa za breki uzifunge kwa waya juu, zisining'inie kwa mpira wa breki. Bolti za chini za shokapu, propela, halafu jeki ya giaboksi chini ya difu na nyingine ya kusaidia, watu wawili sio mmoja, ule ni mzigo mzito na unapenda kulala upande wa difu. Bolti nne za krosmemba zifunguliwe kwa kupokezana, na hapa nguvu iende na akili: ikigoma usiweke bomba refu ukapiga mzima mzima. Rudisha robo, kaza, rudisha, puliza dawa tena. Nati za upande wa bodi nyingi zimechomelewa ndani ya boksi, ikizunguka ndani au bolti ikikatika humo, siku imeisha. Moto wa gesi usiusogeze huko, mabomba ya petroli yanapita jirani.

Ikishashuka, weka alama ya kila bushi imekaa inaangalia wapi. Hili watu wanaliruka sana. Bushi nyingi zina matobo ndani ya mpira upande fulani, yamewekwa makusudi ili iwe laini mbele na nyuma na iwe ngumu kushoto na kulia. Ukiizungusha robo duara umeharibu tabia ya gari na hakuna wili alaimenti itakayorekebisha.

Kuzitoa, usizichome moto. Najua ndio mtindo, ila moshi wake ni sumu, rangi ya krosmemba inaungua na kutu inaanza. Toboa mpira kwa drili kuzunguka mpaka sliv ya kati itoke, kisha ingiza wembe wa msumeno wa chuma ndani, kata ganda la nje mstari mmoja, taratibu, ukikaribia kumaliza simama, usiingie kwenye chuma cha krosmemba. Mstari ukishapatikana ganda linajikunja kwa patasi na linatoka. Mwenye presi ya tani 20 anasukuma tu, na hapa Arusha ukienda Unga Limited, au kwenye mafundi wa kukereza huko Moshi, utapata mtu wa presi akufanyie, unabeba krosmemba unaipeleka. Hakikisha ana vikombe vya bomba vya saizi sahihi, anayesukuma bushi mpya kwa kupiga sliv ya kati anaichana kabla haijatembea hata kilomita. Isukumwe kwa ganda la nje. Safisha tundu kwa msasa laini, paka maji ya sabuni au grisi ya silikoni, usipake oili ya injini wala grisi ya kawaida kwenye mpira. Wenye bushi za ganda la chuma wanaweza kuzilaza kwenye friza usiku, kwa kipenyo cha milimita 60 inasinyaa kama milimita 0.03, ni ndogo ila kwenye kitu kinachoingia kwa kubana inasaidia.

Kurudisha ni kinyume chake, ila kwa mpangilio huu. Bolti zote nne za krosmemba ziingie kwa mkono kwanza, uisogeze mpaka mistari yako ya rangi ikutane, ndio ukaze kwa torki renchi (spana inayopima ukazaji) kwa namba za kitabu cha gari hiyo. Bolti za mikono ya sasipensheni kama zilifunguliwa usizikaze za mwisho gari ikiwa hewani, shusha matairi chini, itikise nyuma mara kadhaa ikae urefu wake, ndio ukaze. Ukikaza ikiwa juu, mpira unabaki umejisokota muda wote gari ikiwa chini na utakuwa dukani tena mapema. Ukimaliza nenda wili alaimenti ya matairi yote manne, sio mawili ya mbele, kisha baada ya wiki moja au mbili za kutembea rudi ukague bolti za krosmemba na za propela.

Kuhusu Dar. Ni zaidi ya kilomita 500, malori mengi, na utaovateki sana. Kama vipimo vimeonyesha bushi za difu peke yake ndio mbovu na za krosmemba bado zinakataa, utafika, nenda taratibu, weka D ukiwa umesubiri injini itulie, na usikanyage kwa ghafla. Kama krosmemba inasogea kwenye mtaimbo, mdogo wangu panda basi. Na ukiwa Dar nunua hizo bushi hukohuko ukiwa na namba yako ya chesesi mkononi.